Kompyuta Isiyouliza: Namba, Tarehe na Majina Yetu Yanavyobadilishwa Kimyakimya



Siku hizi hakuna ukoo usio na orodha. Ipo orodha ya mfuko wa kuzikana, ipo ya wanaochangia matibabu ya mgonjwa aliyepelekwa India, ipo ya waalikwa wa harusi, na ipo ya namba za simu za jamaa walioko Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Tabora. Kwenye koo nyingine kuna na mti wa ukoo, kuanzia babu aliyeshuka na jahazi mpaka mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita. Zamani mambo haya yaliandikwa kwenye daftari, na daftari likafungiwa sandukuni. Leo yako ndani ya kompyuta, mara nyingi kwenye Excel au Google Sheets, na kwa wachache kwenye programu ya hifadhidata kama Access.

Hifadhidata ni neno zito lakini kitu chenyewe tunakijua. Ni rejista. Kila mtu ana mstari wake, na kila safu ina jambo lake: jina, tarehe ya kuzaliwa, simu, mchango. Aliyefundisha skuli kama mie ameishika rejista miaka na miaka, na anajua kwamba ina sharti moja kubwa: ulichokiandika jana ukikute leo vilevile ulivyokiandika.

Sharti hilo ndilo linalovunjwa. Fujo nyingi tunazozikuta ndani ya orodha zetu hazikufanywa na mtu. Zimefanywa na programu yenyewe, kwa sababu imeundwa kubahatisha, na ikishabahatisha haikuulizi wala haikwambii. Halafu sisi watu wazima tunajilaumu, tunasema "mie mjinga wa kompyuta". Nataka leo tulitazame jambo hili kwa utulivu, tujue lipi kosa letu na lipi si letu.

Nimesoma sekondari kwenye skuli ya misheni. Karani wa pale alikuwa na daftari kubwa la usajili, na kabla hajatia wino alikuuliza: jina lako, la baba, la babu, unaliandikaje? Akishaandika anakusomea. Kama hakuelewa anauliza tena, hata ukachoka. Yule karani hakuwa na mashine, lakini alijua kwamba jina la mtu si lake yeye kulibadilisha. Basi tuzipime programu zetu kwa kipimo hicho.

Sifuri iliyoliwa

Tuanze na simu. Namba za Tanzania na Kenya ukizipiga ukiwa ndani ya nchi zinaanza na sifuri. Andika 0777 na tarakimu zake sita zilizobaki kwenye kisanduku cha Excel, ubonyeze kitufe cha kuendelea. Sifuri ya mbele haipo tena. Programu imeona tarakimu, ikadhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Google Sheets nayo ni hivyohivyo.

Sasa unasema, basi nitaandika na namba ya nchi, 255 mbele. Hapo yanazuka mengine. Namba ikifika tarakimu 12, Excel huifupisha kwa mtindo wa wanasayansi, na badala ya simu ya dada yako unaona 2.55777E+11. Ajabu yake, namba ya Oman ina 968 na tarakimu nane, jumla 11, kwa hivyo inasalimika. Ya Tanzania, ya Kenya na ya simu ya mkononi ya Imarati zina 12, na hizo hazisalimiki. Mtu anaiona orodha nusu nzima na nusu imeharibika, hajui kwa nini.

Kwa bahati hapo namba bado ipo ndani, imefichwa tu. Ukipanua safu na kubadilisha mtindo wa kuonyesha, inarudi. Lakini ukihifadhi lile jedwali kama faili la CSV, ambalo ndilo tunalotumia kuhamisha namba kutoka simu hadi simu, kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana. Tarakimu zilizofichwa zimekwenda moja kwa moja.

Kubwa kuliko hilo ni namba za vitambulisho. Namba ya NIDA ya Tanzania ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel haiwezi kushika zaidi ya tarakimu 15 za namba. Ukiiandika NIDA mfululizo bila ya vistari, tarakimu tano za mwisho zinageuzwa sifuri. Hakuna kengele wala onyo. Namba ya kadi ya benki yenye tarakimu 16 nayo hupoteza ile ya mwisho. Hapa hakuna cha kurudisha, maana kilichokwenda hakikuhifadhiwa popote. Mtu anajaza fomu za pasipoti za wazee wake kwa kunakili kutoka kwenye orodha ya aina hiyo, anarudishwa dirishani, anaambiwa namba hii haipo. Ataanzia wapi?

Tarehe iliyopinduliwa

Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Wamarekani wanaanza na mwezi. Excel inafuata mpangilio wa nchi uliowekwa kwenye kompyuta, na kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa Kimarekani, na aliyezinunua hakuwahi kugusa mpangilio huo. Andika 3/4/1961 ukikusudia tarehe 3 Aprili. Kompyuta ya namna hiyo inaweka tarehe 4 Machi. Andika 23/4/1961, inaona hakuna mwezi wa 23, basi inaiacha kama maneno. Kwa hivyo ndani ya safu moja unakuta tarehe zilizopinduliwa na tarehe zilizokataliwa, zimekaa pamoja, na zote kwa macho zinafanana na tarehe. Siku 12 za mwanzo za kila mwezi ndizo zilizo hatarini, na hizo ndizo usizoweza kuzigundua kwa kutazama tu.

Ukifupisha mwaka kuna mtego mwengine. Bibi aliyezaliwa mwaka 1928, ukiandika 28 peke yake, programu inamfanya wa 2028. Bibi hajazaliwa!

Wale wanaoandika mti wa ukoo wana shida yao peke yao. Kalenda ya Excel inaanza tarehe 1 Januari 1900. Kabla ya hapo, kwake yeye, hakuna dunia. Seyyid Said amefariki 1856, Seyyid Barghash ametawala Zanzibar kutoka 1870 mpaka 1888, na kasri la Unguja limepigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Hakuna hata moja katika tarehe hizo ambayo Excel inaikubali kuwa ni tarehe. Inaziweka kama maneno matupu. Ukiiambia ipange watu kwa tarehe za kuzaliwa, tarehe za kweli zinatangulia na maneno yanafuata nyuma, kwa hivyo babu wa ukoo aliyezaliwa 1850 anawekwa chini ya kitukuu aliyezaliwa juzi.

Kuna kichekesho humohumo. Excel hiyohiyo inaamini kwamba mwaka 1900 ulikuwa na tarehe 29 Februari. Haukuwa nayo. Kosa lilikuwamo kwenye programu ya zamani iitwayo Lotus 1-2-3, na Microsoft wakaliacha kwa makusudi ili mafaili ya watu waliokuwa wakitumia Lotus yasivurugike. Kwa hivyo siku isiyokuwapo imetunzwa, na siku za wazee wetu zimekataliwa.

Mweka hazina aliyeshukiwa

Haya si mambo ya kucheka tu. Nitakupeni kisa cha mfuko mmoja wa kusaidiana ninaoujua kwa karibu. Mweka hazina wake ni mama wa makamo, muuguzi mstaafu, mtu wa mizani. Orodha yake ilikuwa kwenye programu ya jedwali: safu ya majina, kisha safu moja tupu aliyoiacha ili macho yapumue, kisha michango ya kila mwezi. Siku moja mjumbe mmoja akamwomba majina yapangwe kwa alfabeti ili yasomeke kwenye kikao. Akabonyeza kitufe cha kupanga. Majina yakajipanga vizuri. Michango ikabaki palepale ilipokuwa.

Programu za aina hii, ukichagua safu moja tu, baadhi yake hukuuliza kama unataka na safu za jirani zifuate. Lakini ile safu tupu inahesabiwa kuwa ni ukuta: kilicho upande wa pili si chake. Basi haikuuliza. Mama wa watu akafunga faili, na ukishafunga, ule mshale wa kurudisha nyuma hauna tena cha kurudisha.

Kwenye kikao ikasomwa orodha. Aliyelipa mwaka mzima akaonekana hajalipa hata senti. Asiyelipa akaonekana amezidisha. Mnajua vikao vyetu. Hakuna aliyesema neno lile waziwazi, lakini macho yalisema. Mmoja akauliza, "Sasa pesa zetu ziko wapi?" Yule mama akanigeukia, sauti imemkauka: "Mwalimu, wallahi mie sikugusa kitu."

Kilichomwokoa ni risiti za karatasi. Tulikaa jioni tatu, watu watatu, tukasoma risiti moja moja mpaka kila mchango ukarudi kwa mwenyewe. Fedha zilikuwa kamili, haikupungua hata baisa moja. Lakini alitaka kujiuzulu, na mpaka leo hakubali kuandika kitu kwenye kompyuta mpaka mwanawe awe kando yake. Mtu mwaminifu amevunjiwa heshima kwa kitufe kimoja.

Nauliza: ingegharimu nini programu ile kusema, "Kuna safu nyingine kwenye mistari hii, nazo nizipange?" Karani wa skuli angeuliza.

Programu za hifadhidata zenyewe, kama Access, kwenye hili la kupanga ni bora zaidi, kwa sababu mstari wa mtu haukatwi vipande. Lakini nazo zina yao. Access haikungoji uihifadhi: ukitoka kwenye mstari tu, ulichokiandika kimekwisha kuhifadhiwa, hata kama mtoto ndiye aliyebonyeza vitufe. Na ukifuta mstari ukakubali onyo, hakuna kuurudisha. Tena ukianza kusajili mtu kisha ukaghairi, ile namba ya usajili inayojitoa yenyewe inaruka. Mtu anaona 41, 42, 44, anauliza 43 ni nani aliyefutwa. Hakuna aliyefutwa. Programu imeruka tu, na haikueleza kwa nini.

Jina la ukoo ni lipi?

Hapa ndipo panapotuuma sisi khasa. Fomu nyingi za kompyuta zimejengwa kwa dhana kwamba kila mtu ana jina la kwanza na jina la ukoo, na kwamba baba, mama na watoto wote wanalo hilo la mwisho. Dhana hiyo ni ya Wazungu, na si Wazungu wote.

Pwani tunaandika la mtu, la baba na la babu. Chukua mfano: mtu anaitwa Salim Khamis Nassor. Mwanawe ataitwa Ali Salim Khamis. Fomu inalazimisha kisanduku cha ukoo, basi baba anakuwa wa ukoo wa Nassor na mwana wa ukoo wa Khamis. Kwa kompyuta hawa si baba na mwana. Mkewe Salim naye ana jina la baba yake mwenyewe, maana kwetu mwanamke haachi jina la baba kwa kuolewa. Nyumba moja, majina ya ukoo matatu. Serikali ya Uingereza imeeleza wazi kwamba mtu mzima anayesafiri na mtoto asiyekuwa na jina la ukoo kama lake huenda akaulizwa uhusiano wao mpakani. Kwa hivyo ni vyema baba abebe cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

Wenye asili ya Oman tuna na jingine: bin, binti na kabila. Upande mmoja wa ukoo uliobaki Afrika Mashariki umeacha kabila, upande uliorudi Oman umelirudisha. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja bataka yake inaishia na jina la kabila, mwengine pasipoti yake inaishia na jina la babu. Fomu ya tatu inakataa kistari baina ya Al na kabila. Ya nne inadhani Al ndilo jina la katikati. Ya tano inamwita dada yetu kwa jina la "Binti". Na Mohamed anaandikwa na o au u, m moja au mbili, e au a, na kwa kompyuta kila mmoja ni mtu mwengine.

Tusidhani ni suala la adabu tu. Pakitokea mirathi, na shamba liko Pemba, na warithi wako Muscat na Birmingham, kila ofisi inataka kuona kwamba majina yanalingana. Hapo ndipo kisanduku kimoja kilichojazwa kwa kulazimishwa miaka 20 iliyopita kinapowagharimu watu viapo, mashahidi na safari.

Hata pasipoti yenyewe ina mipaka yake. Mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine ina nafasi 44 kila mmoja, na zinazobaki kwa ajili ya jina ni 39. Jina la mtu, baba, babu na kabila yakizidi hapo, linakatwa. Na asiyekuwa na jina la pili ana balaa yake. Mwezi Novemba 2022 mashirika ya ndege ya India yaliwatangazia wasafiri wake kwamba Imarati haitawapokea wenye viza za matembezi ambao pasipoti zao zina jina moja tu. Viza za Marekani nazo, kwa mtu mwenye jina moja, huandika FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Watu wamefika huko wakajikuta wanaitwa Fnu kazini na benki.

Dawa yake inajulikana. Shirika la W3C, ambalo huweka viwango vya mtandao wa dunia, limewashauri watengenezaji wa fomu wajiulize kama kweli wanahitaji kuligawa jina, na kama hawahitaji, waweke kisanduku kimoja cha jina kamili. Kisanduku kimoja tu.

Hata wakubwa wameshindwa

Anayedhani haya ni ya wazee wasiosoma, asikilize haya mawili.

Wanasayansi wa vinasaba walikuwa na jeni zenye vifupisho kama MARCH1 na SEPT1. Excel ikiona hivyo inadhani ni Machi na Septemba, inazigeuza tarehe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba karibu moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Hawa ni wasomi wakubwa kwenye vyuo vikubwa. Mwisho, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza kwamba imezibadilisha majina jeni 27, SEPT1 ikawa SEPTIN1 na MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani ilikuwa rahisi kubadilisha majina ya jeni za binadamu kuliko kuizuia programu isibahatishe.

La pili lilitokea Uingereza mwaka huohuo wa 2020, katikati ya korona. Watu 15,841 waliothibitika kuwa na ugonjwa baina ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu. Matokeo yalipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Kilichozidi hapo kikaachwa nje. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamekwisha kuambiwa majibu yao, lakini wale waliokaa nao karibu walichelewa kutafutwa na kuonywa, wakati ugonjwa unatembea. Hilo ni taifa zima, lenye wataalamu na fedha. Sembuse mama yetu na mfuko wa kuzikana!

Kwa nini wameiunda hivi?

Tuwe waadilifu. Programu za jedwali hazikuzaliwa kuwa rejista. Ya kwanza kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979, na Excel ikafuata 1985, na kazi yao ilikuwa hesabu: mapato, matumizi, jumla. Kwa mhasibu, sifuri ya mbele kweli haina maana, na kuandika 3/4 ikawa tarehe yenyewe ni msaada. Sisi ndio tuliozigeuza kuwa daftari la majina, kwa sababu zilikuwapo na kila mtu anazo.

Lakini udhuru huo una mwisho. Waundaji wamejua muda mrefu kwamba watu wanaandika simu na vitambulisho humo. Ni mwezi Oktoba 2023 tu ndipo Microsoft walipotangaza kwamba kwenye Excel mtu anaweza kuzima ubahatishaji huu. Ni miaka 38 tokea Excel ya kwanza. Na hata hivyo ubahatishaji ndio unaokuja umewashwa; kuuzima ni juu yako, kama unajua kwamba upo.

Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kitabu mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku. Hoja yake ni nyepesi: mlango ukiwafanya watu wote wasukume pale panapotakiwa kuvuta, tatizo ni la mlango. Watu hujilaumu wenyewe, na kwa kuwa kila mmoja anajilaumu kimyakimya, mwenye kutengeneza mlango hapati kuambiwa. Sisi watu wa makamo tumekuwa hivyo na kompyuta. Tunamwita mjukuu, tunaomba radhi, naye anacheka. Kuanzia leo, kabla ya kuomba radhi, tuulize kwanza: mlango huu umetengenezwaje?

La kufanya

Kwanza, simu, bataka, NIDA na pasipoti zote ziandikwe kama maneno, zisiandikwe kama hesabu. Chagua safu nzima kabla hujaandika kitu, nenda kwenye mitindo ya namba, chagua palipoandikwa Text. Au tanguliza mbele ya namba ile alama ndogo tunayoiandika kwenye neno ng'ombe. Haitaonekana, lakini sifuri itabaki. Fanya hivyo kabla, maana tarakimu zikishapotea, kubadilisha mtindo hakuzirudishi.

Pili, kwenye Excel mpya ya kompyuta ya Windows, fungua File, kisha Options, kisha Data, utafute sehemu ya Automatic Data Conversion. Ondoa alama zilizomo. Ni kazi ya dakika moja.

Tatu, mwezi uandikwe kwa jina, na mwaka kwa tarakimu zote nne. Kwa mti wa ukoo, weka safu tatu: siku, mwezi, mwaka. Hapo 1850 itakuwa namba ya kawaida na babu atakaa juu ya kitukuu. Tarehe ya Hijria nayo ipewe safu yake.

Nne, jina kamili liwe kwenye safu moja, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama kuna mtu ana nyaraka mbili zinazotofautiana, ongeza safu ya pili ya "jina jengine", usichague moja ukaacha jengine. Siku ya mirathi safu hiyo itawafaa.

Tano, usiache safu tupu katikati ya orodha. Kila mtu apewe namba yake ya uanachama, 1, 2, 3, iandikwe kabla ya kupanga chochote, na ukipanga, chagua jedwali zima. Kwenye Access, ukiona umekosea kabla hujatoka kwenye mstari, bonyeza Esc mara mbili, yote uliyoyagusa kwenye mstari huo yatarudi.

Sita, kila mwisho wa mwezi weka nakala yenye tarehe kwenye jina lake, na chapisha moja kwenye karatasi. Risiti msizitupe.

Na nyinyi vijana wetu mnaofanya kazi za kompyuta Muscat, Dubai na London, wengine mnatengeneza fomu hizi hizi. Mkitengeneza, wekeni kisanduku kimoja cha jina, kubalini kistari, na programu ikitaka kubadilisha alichoandika mtu, imuulize kwanza. Mnawajua watu wake, ni bibi zenu.

Sisi wengine, tufungue orodha zetu usiku huu tutazame mambo matatu: simu zina sifuri zake, NIDA haziishii na sifuri tano, na michango iko mbele ya wenyewe. Mkikuta kasoro, jazeni upya kutoka kwenye karatasi, kabla karatasi haijapotea.